Nafula wa Ploti Arobaini na Saba

Jumanne asubuhi Wakonyo alikuwa akishona sketi za shule, gamubuti miguuni, wakati askari wa kanjo, yaani baraza la mji, alipobisha mlango. Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka wa elfu mbili na sita. Maji ndani ya nyumba yalifika juu kidogo ya kifundo cha mguu, na kila alipokanyaga pedeli ya cherehani yalitoa sauti ya ng'ombe anayekunywa. Askari alibaki kizingitini, maana viatu vyake vilikuwa vya serikali.

"Mama Gathii, nimetumwa na barua."

"Isome. Mimi mikono imejaa chaki."

Askari akasoma. Nyumba iliyo ploti nambari arobaini na saba, senta ya Siyombe, ina maji yaliyotuama, kinyume cha kifungu cha ishirini na mbili cha sheria ndogo za baraza la mji. Mwenye nyumba ayaondoe kwa siku kumi na nne. Asipoyaondoa, nyumba itabomolewa kwa ajili ya afya ya umma. Akitaka kujitetea, afike mbele ya baraza siku ya mwisho, saa nne asubuhi.

"Si kila mtu hapa anajua haya maji yametoka wapi?" Wakonyo akauliza.

"Mimi ni wa kubeba barua tu, mama."

Siyombe iko kati ya Kitale na Kimilili, pale lori za mahindi zinapopunguza mwendo kwa sababu ya kona. Mtaro wa soko ulikuwepo tangu zamani. Ulipita nyuma ya maduka, ukateremka hadi mtoni, na hakuna aliyeuwaza. Halafu Mheshimiwa Wekoye, mwenyekiti wa baraza, akajenga ghorofa juu yake, maduka sita chini na ukumbi wa harusi juu, akaiita Tumaini Plaza. Mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, maji yalishuka na mtaro kama kawaida, yakafika ukutani, yakasimama kidogo, kisha yakakata kushoto na kuingia kwa Wakonyo. Hayakuingia kwa fujo. Yalipitia mlangoni, yakakaa.

Wakonyo aliandikia baraza barua tatu. Zote zilirudi na muhuri uliosema IMEPOKELEWA. Akachukua karai, akaanza kuyachota na kuyamwaga nje. Siku hiyo hiyo askari akamletea kifungu cha tisa, kinachokataza mtu yeyote kumwaga maji kutoka jengo lolote kwenye barabara ya baraza. Kwa hiyo maji hayakuruhusiwa kukaa ndani, na hayakuruhusiwa kumwagwa nje. Mwanawe Gathii, anayefanya kazi Kitale, alimwambia ahame, aende akae naye, kuna chumba. Wakonyo alimwambia hawezi. Kagwe, marehemu mumewe, amelala nyuma ya nyumba hiyo, chini ya mparachichi alioupanda mwenyewe mwaka waliotoka Nyeri. Nyumba ikibomolewa, ploti inarudi kwa baraza, na Kagwe pamoja nayo. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi, si baridi ya miguu.

Jirani yake Edah, muuza mboga, alikuja jioni na chai kwenye chupa. Alipanda juu ya stuli, akakunja miguu, akayatazama maji kwa muda.

"Haya yameingia lini?"

"Mwezi wa tatu. Wewe si ulikuwepo."

"Miezi mitatu, na bado unayaita haya maji, haya maji. Mama Gathii, hata mgeni hulali naye siku tatu hujamuuliza jina. Ndiyo maana hayakusikii, bana."

Wakonyo akaona kuna ukweli. Akasema kwao msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, na mama ya Kagwe alikuwa Wakiuru. Akainama akaita, "Wakiuru." Maji yakaendelea kutikisika vile yalivyokuwa yakitikisika.

"Hayo ni majina ya kwenu," Edah akasema. "Haya yamezaliwa huku."

Edah alifanya kama Wabukusu wanavyomfanyia mtoto anayelia. Aliita majina ya watu wa zamani mmoja mmoja, polepole, na kati ya jina na jina akanyamaza kusikiliza. Aliita jina la nyanya yake. Aliita la shangazi aliyefia Misikhu. Maji yakatikisika. Mwishowe akakumbuka kwamba aliyezaliwa wakati wa mvua hana haja ya kutafutiwa jina, analo tayari.

"Nafula," akasema.

Maji yakatulia, yakawa laini kama kioo. Wale wanawake wawili wakajiona ndani yake, chupa ya chai katikati.

"Si nilikuambia," Edah akasema. Wakamaliza chai.

Asubuhi yake Wakonyo alisema, "Nafula, toka hapo kwa cherehani," na Nafula akasogea akakaa pembeni karibu na kabati. Kuanzia hapo hakusumbua tena. Akiambiwa asiguse vitambaa, hakuvigusa. Siku ya tatu Wakonyo alimwambia aende kwao mtoni. Nafula alitoka kwa mlango wa nyuma, akafuata mtaro, akafika kwenye ukuta wa Tumaini Plaza, akakaa pale mchana wote. Saa kumi akarudi, wakati ule ule watoto wa shule wanaporudi, akiwa na majani mawili na tiketi ya basi. Wakonyo alimwambia apanguse mlango.

Siku ya kumi na nne Wakonyo alivaa kitambaa chake cha kanisani, akafunga mlango, akasema, "Twende." Njia ya kwenda kwenye ofisi za baraza inapanda kilima. Nafula alipanda nyuma yake, kimo cha goti, akifuata upande wa kulia wa barabara kama watoto wanavyofundishwa, ili aone magari yanayokuja. Edah aliacha mboga zake akawafuata. Lori moja la mahindi liliwapisha. Sokoni watu waliwasalimu na kuuliza kama ndiyo ile kesi, wakaambiwa ndiyo.

Kwenye geti askari aliinua mkono.

"Mama Gathii, kifungu cha tisa. Kumwaga maji barabarani."

"Nani amemwaga? Huyu anatembea."

Askari alitoa kijitabu chake, akakipitia ukurasa kwa ukurasa huku wao wakisubiri kivulini. Kulikuwa na kifungu cha mbuzi, cha baiskeli bila kengele, na cha kuanika nguo mbele ya maduka. Cha maji yanayotembea na mwenyewe hakikuwepo. Akafungua geti.

Karani wa baraza alikuwa Kiptanui, mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni. Kiptanui alikuwa na sharti moja ambalo hata waheshimiwa walilijua: hakuna anayevuka mlango wa ukumbi kabla jina lake halijaingia kwenye rejista. Miaka ya nyuma kikao kizima kilifutwa kortini Bungoma kwa sababu mtu mmoja alikaa ndani bila kuandikwa, na Kiptanui aliapa jambo hilo halitarudiwa. Aliandika Wakonyo. Aliandika Edah. Kisha akainua macho, akatazama chini.

"Na huyu?"

"Nafula."

"Jina la pili?"

Wakonyo akafikiri kidogo. "Wakiuru."

"Makao?"

"Ploti arobaini na saba."

"Hapo weka mkaazi," Edah akasema. "Amekaa tangu mwezi wa tatu."

Kiptanui akaandika: Nafula Wakiuru, mkaazi. Akageuza rejista, na Nafula akainuka akatia alama yake kwenye safu ya sahihi. Karatasi ikajikunja kidogo. Kiptanui akaipuliza, akawaruhusu kuingia.

Mheshimiwa Wekoye alikuwa kwenye kiti cha mbele, amevaa joho jekundu la uenyekiti na mkufu. Madiwani walikuwa tisa pamoja naye. Nafula alitandaa chini ya viti vya wageni, halafu kwa kuwa ukumbi umeinama kidogo kwa mbele, akafika chini ya meza kuu. Waheshimiwa wakainua miguu yao, wakaiweka kwenye vyuma vya viti. Kikao kikafunguliwa kwa maombi.

Wekoye alisoma hoja ya kubomoa ploti arobaini na saba kwa sababu ya maji yaliyotuama. Diwani mmoja akaunga mkono. Kiptanui akasema sheria inataka ithibitishwe kwanza kama maji yapo. Askari akatumwa kwa baiskeli. Akarudi baada ya dakika ishirini, akasimama mlangoni, akasema amechungulia dirishani na sakafu ya ploti arobaini na saba ni kavu. Kuna sketi kumi na mbili zimekunjwa mezani na paka amelala chini.

"Haiwezi kukosa kuwa kavu," Wekoye akasema. "Maji si ndiyo haya hapa?"

"Haya hapa yako kwenye jengo la baraza, Mheshimiwa," Kiptanui akasema. "Hoja ni ya ploti arobaini na saba."

Hoja ikaanguka. Edah akapiga kigelegele kimoja. Akaambiwa akae, akakaa.

"Basi yatolewe nje," Wekoye akasema.

"Kifungu cha tisa, Mheshimiwa. Kutoka jengo lolote."

"Yafukuzwe, basi."

Kiptanui akafungua rejista. "Nafula Wakiuru ni mkaazi, yumo humu, ametia sahihi. Mkaazi hafukuzwi kwenye kikao cha wazi asipofanya fujo. Sijaona fujo."

Wote wakachungulia chini ya meza. Nafula alikuwa ametulia tuli. Joho la Wekoye, lililokuwa refu kuliko yeye, lilikuwa limelowa inchi mbili.

Wakonyo akainua mkono, akapewa nafasi. Alisema huyu hakuja Siyombe kukaa na mtu. Alikuwa akienda zake mtoni, na njia yake inajulikana.

"Fungueni mtaro," akasema. "Ataondoka leo leo, hata hamtahitaji kumwambia."

Kufungua mtaro maana yake ni kutoboa Tumaini Plaza katikati, maduka mawili na ngazi ya kwenda ukumbi wa harusi. Hoja ikapigiwa kura. Wawili waliinua mikono kuunga, na saba kupinga, Wekoye akiwa wa kwanza kati ya hao saba. Kiptanui akaandika. Kisha diwani mmoja mzee, aliyetaka kwenda nyumbani kula, akapendekeza mkaazi Nafula Wakiuru aendelee kukaa ukumbini hadi suala la mtaro litakapotatuliwa. Hiyo ikapita bila kupingwa.

Kabla ya kutoka, Wakonyo aliinama chini ya meza.

"Ukae hapa na adabu. Karatasi za watu usiguse. Watu wakiomba, unyamaze."

Nafula akatikisika kidogo, kisha akatulia.

Waliteremka kilima, Wakonyo mbele, Edah akipiga vigelegele sasa bila wa kumwambia akae. Wanawake wa sokoni waliacha vibanda wakawasindikiza hadi ploti arobaini na saba. Hapo Wakonyo alivua gamubuti mbele ya watu wote, akazipanga nje kando ya mlango, akaingia miguu mitupu. Sakafu ilikuwa kavu na vuguvugu. Aliizunguka nyumba, akaenda hadi kwa mparachichi, akamwambia Kagwe waliyoyasema kule, pamoja na idadi ya kura. Jioni walichemsha githeri ya mahindi na maharagwe ya kutosha watu ishirini, wakaja thelathini, ikatosha.

Baraza lilipitisha kifungu kipya mwezi wa saba. Kilisema madiwani wote wavae gamubuti wakati wa vikao. Kikafuata kingine cha kuinua makabati ya faili. Vikao viliendelea kama kawaida, na wageni walipozoea, walileta watoto wao wasikilize vile Nafula anavyonyamaza wakati wa maombi.

Mwezi wa kumi na moja mvua zilirudi, mahindi yakiwa bado yanavunwa. Asubuhi moja Wakonyo alisikia kitu kikigonga mlango chini chini. Akafungua. Maji mapya yalikuwa yamesimama nje, yametoka kugonga ukuta wa Tumaini Plaza, bado yana takataka za soko. Alijua mara hii hahitaji kumwita Edah. Aliyezaliwa wakati wa mavuno naye analo jina lake.

"Nekesa," akasema, "dada yako hayuko hapa. Panda kilima, fuata upande wa kulia. Ukifika getini, usipite kabla hujaandikwa."

Nekesa akapanda kilima.

Wiki iliyofuata Mheshimiwa Wekoye alifika ploti arobaini na saba, joho limekunjwa kwenye mfuko wa plastiki. Siyombe nzima haikuwa na fundi mwingine wa kitambaa kizito hivyo. Alibisha, akavua viatu mlangoni, akaingia na soksi. Akatazama sakafu kwa muda.

"Pako kavu," akasema.

"Pako kavu, Mheshimiwa. Simama hapo juu ya stuli."

Alipanda, akavaa joho. Pindo lilikuwa limeoza na kuwa rangi ya chai, na alama ya maji ilikuwa imeshapita katikati ya muundi. Wakonyo akapiga magoti, pini mdomoni, akapima kwa utepe.

"Na ule mtaro?" akauliza.

"Uko kwa ajenda."

"Mvua ya mwezi wa tatu ikija, watakuwa watatu kule."

Wekoye alitazama dirishani, ambako paa la Tumaini Plaza lilikuwa liking'aa, na watu walikuwa wakipanda ngazi na viti vya harusi.

"Basi sitakata kidogo kidogo, uje kila msimu," Wakonyo akasema. Akachukua chaki, akachora mstari mnyoofu kuzunguka joho la mwenyekiti, juu ya goti.