Namba Iliyozunguka Ukingoni

Mjukuu wangu alipewa somo moja la majaribio. Akifundisha vizuri, shule ingemwajiri. Akiboronga, arudi kuzunguka na vyeti vyake. Mchana wa siku moja kabla ya somo alikuja chumbani kwangu kwa kushonea, akachukua chaki ya fundi, akaandika namba sita juu ya meza ya kukatia, moja chini ya nyingine.

"Bibi, nitarizie hizi kwa uzi mwekundu, watoto wa nyuma wazione. Nitapitia asubuhi."

Akatoka mbio. Nikavaa miwani, nikasoma. Ya kwanza 142857. Ya pili 285714. Ya tatu 428571. Nikacheka peke yangu. Tarakimu zile zile, tena zinafuatana vile vile: baada ya moja ni nne, baada ya nne ni mbili, na ukishafika saba unarudi kwenye moja. Nikasema haraka haina baraka, mtoto kaandika jambo moja mara sita, kila mara kaanzia pengine. Na sisi tunaotarizi, ua la ukingoni hatuliulizi linaanzia wapi. Basi nikachukua kitambaa cha duara, nikazizungusha tarakimu hizo sita mara moja tu ukingoni kwa mshono wa mnyororo, nafasi sawasawa, mwisho ukashikana na mwanzo.

Asubuhi alipokiona akakaa chini.

"Bibi, vitambaa vingine vitano viko wapi?"

"Vya nini? Si namba moja?"

"Si moja! Ya pili ni ya kwanza mara mbili. Ya tatu, mara tatu. Hivyo hivyo mpaka mara sita. Ndilo somo lenyewe! Umeniua, mke mwenzangu."

"Maiti haina kelele hizo. Anzia kwenye mbili, usome kuelekea kulia."

Akaweka kidole. Mbili, nane, tano, saba, moja, nne. Akakigeuza kitambaa mpaka nne ikawa juu, akasoma tena. Akageuza tena.

"Bibi, zote zimo."

"Mimi nilidhani umejirudia tu, mwanangu."

Akakiviringisha kisipate mikunjo, akaondoka bila kumaliza chai.

Alirudi adhuhuri, viatu mkononi. Watoto waligombania kukizungusha, akaniambia. Kila walipozidisha, jibu lilikuwa pale pale kwenye duara. Walipomaliza mara sita, msichana wa dawati la mbele akauliza, "Na mara saba?" Mjukuu wangu akawaacha wapige hesabu wenyewe. Zikatoka tisa tupu, sita kwa mstari, na kwenye kitambaa hakuna tisa hata ya dawa. Darasa likapiga kelele mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia.

"Akasemaje?"

"Nianze Jumatatu. Ila naye ameuliza tisa ziko wapi."

Nikakitandaza kitambaa mezani. Katikati palikuwa bado peupe.

"Haya, lete chaki," nikamwambia. "Na safari hii ukitaka sita, useme sita."