Pombe ya Matofali

Mwaka ule biashara ilipofunguliwa, mabati yalivuka mpaka wa Kasesya kwa malori, na kila mwenye duka mtaani kwetu Chanji akajiona mfalme. Lakini matofali hayaagizwi Zambia. Hufyatuliwa, na huku Ufipa hakuna anayekanyaga udongo wa mwenzake bila chungu cha pombe ya ulezi kumngoja kivulini.

Mwinjilisti Nestory, mgeni kutoka Mbeya, hakulijua hilo. Alitangaza kazi ya kujenga kanisa la kwanza la Methodisti mtaani kwetu, akangoja uwanjani na jembe lake. Hakuja mtu. Jioni alimfuata mama yangu, Epifania, aliyeuacha Ukatoliki wa ukoo mzima ili ibada zianzie sebuleni kwetu.

"Mama, nisaidie."

"Nikikusaidia kwa njia ya kwetu, na pombe mmeikataza, hutaninyima meza ya Bwana?"

"Mungu anaijua shida yetu," alisema, macho chini.

Mama akaloweka ulezi. Pombe ilipoiva walikuja Wafipa, wakaja na Wasukuma wa ng'ombe, Masanja akiwa mbele, udongo umemfika magotini.

"We mtunga mashairi," akaniita, "mikono hiyo ni ya kalamu tu?"

Nikaingia udongoni.

Kanisa lilipokamilika, Nestory aliniomba shairi la historia ya ujenzi wake, nilisome mbele ya mkuu wa kanisa siku ya kuliweka wakfu. Nililitunga kwa moyo wote. Akalipitia, kidole kikasimama kwenye ubeti mmoja.

"Huu utoke. Mkuu akisikia pombe, atadhani tumejenga kilabu."

"Na mama yangu atakuwa wapi katika historia hii?"

"Mbinguni wanamjua, kijana wangu."

Siku yenyewe, nilipofika mahali pa ubeti ule, niliusoma kwa sauti kuliko mwingine wowote:

Matofali yalikuja, kwa pombe yake mamangu,
Hakubakia mmoja, aliyekataa chungu.

Mkuu akageuka. "Ni kweli, mwinjilisti?"

"Habari hizo ndiyo kwanza nazisikia," alijibu Nestory. "Kijana anajitungia."

Nikamtazama mama, mstari wa mbele, kitambaa cheupe kichwani. Nilijua atasimama. Akasimama kweli.

"Shikamoo, baba mkuu. Ilikuwa togwa tu, si kileo."

"Togwa, baba," Masanja akadakia. "Tena tamu."

Wafyatuaji wote wakaitikia kwa vichwa, watu walewale waliorudi makwao siku ile wakishikana mabega wasianguke. Mkuu akacheka, akambariki mama. Mimi niliambiwa nikae.

Nilitoka. Mama akanifuata hadi nje.

"Nimekutetea mbele ya watu wote, mama. Umenifanya mwongo."

"Kwa Wakatoliki nilishatoka, mwanangu. Na hawa wakinifukuza, atanizika nani?"

Akaninyoosha kola ya shati, akarudi ndani kuimba nao. Mimi sikurudi.