Kumpeleka Orval kwa Mama Eunice

Nilipomwambia mama mkwe wangu kwamba nimepata mwanamume, simu ilinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Ana nini huyo?"

"Ana pikipiki," nikasema, maana ndicho kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni. Nikaongeza haraka haraka, "Naomba ruhusa nije naye kambini mnapovulia samaki, Mama. Kama haitakuwa taabu."

Nilisikia kuni zikipasuka motoni upande wake.

"Mlete," akasema, akakata.

Mlete. Basi. Nililigeuza neno hilo kichwani kuanzia Whitehorse, mji ninakoishi sasa, hadi Dawson, nimekaa nyuma ya Orval, helmeti yangu ikigonga yake kila alipokanyaga breki. Mlete nimwone? Mlete nimfukuze mbele ya macho yako? Mlete nawe uchukue vitu vyako vilivyobaki? Mama Eunice hana desturi ya kumalizia sentensi, anakuachia wewe uumize kichwa.

Mtu angeweza kuniambia, Verna, wewe ni mtu mzima, mumeo Wilfred amekufa, mama yake anakuhusu nini? Orval mwenyewe alinena hivyo mara moja, tena kwa upole. Nilimjibu kwa namna iliyomfanya asirudie tena. Aliyenizaa alifariki nikiwa sijui hata kufunga kamba za viatu. Nikalelewa kule Mayo kwa shangazi huyu na jirani yule, leo hapa kesho pale, mpaka Wilfred aliponioa na kunipeleka kwao McPherson, kando ya mto Peel. Neno "mama" nilijifunza kulitamka nikiwa bibi harusi. Kama Mama Eunice angenifungia mlango kwa sababu ya huyu mtengeneza injini za boti, nisingekuwa mtoto wa mtu tena duniani, na sikuwa na hakika kama Orval peke yake angetosha kuziba pengo hilo. Nilikuwa nimemwambia wazi: akikukataa, sijui nitafanya nini. Hakukasirika. Aliuliza tu kama mama anapenda chai ya majani au ya vifuko.

Hiyo ndiyo tabia ya Orval. Anauliza. Barabara ya kwenda kaskazini ni ya kokoto tupu, milima huku na nyika kule, na mtu mwenye akili timamu huipita akiwa ameinamisha kichwa akiomba tairi lisipasuke. Orval alisimama kila penye kitu.

"Mbona maji ya kijito hiki ni mekundu?"

"Kwani mimi ndiye niliyeyapaka rangi?"

"Wewe si wa huku? Umepita hapa mara ngapi?"

"Nimepita. Sikusimama kukihoji kijito."

Akashuka, akachovya kidole, akaonja. Akatema. "Chuma," akasema kwa furaha kama mtu aliyeokota saa.

Nilikuwa sijamzoea bado, nasema kweli. Wilfred hakuwa akiuliza kitu. Wilfred alikuwa anajua, na kama hajui anakwenda tu, na mimi nilikuwa nimeumaliza ujana wangu wote nyuma ya mtu anayekwenda tu. Sasa nina mtu anayesimama kuuliza kwato hizi ni za mnyama gani na amepita lini, mbu wakitula masikio.

Mvua ilitukuta kabla ya kituo cha mafuta. Barabara ile ikilowa inateleza kama sabuni, na haina huruma na pikipiki. Tulianguka taratibu, karibu tukiwa tumesimama, nikajikuta nimekaa kwenye tope na mguu wa Orval juu ya tumbo langu.

"Umeumia?" akauliza.

"Heshima tu."

"Ilikuwepo?"

Nikampiga na glovu yenye tope, tukacheka mpaka tukashindwa kuinyanyua pikipiki.

Tulifika kituoni tukiwa na rangi moja, sisi na barabara. Pale jikoni anafanya kazi Rhoda, binamu yake Wilfred, mwanamke ambaye angeweza kusimamia mazishi na harusi kwa wakati mmoja na asimwache mtu bila sahani. Alitoka akifuta mikono, akanipita mimi kama nguzo, akaanza kumzunguka Orval namna mtu anavyokagua injini ya mtumba.

"Huyu?" akaniuliza.

"Huyu."

"Hebu tabasamu, baba."

Orval, kwa mshangao, akatabasamu.

"Meno yapo," Rhoda akasema, kama anayemjibu mtu asiyeonekana. "Mama Eunice alipiga simu asubuhi. Alitaka kujua kama ana meno."

"Ya nini?" nikauliza.

"Sikuuliza. Nani anamwuliza yule? Akasema pia nitazame kama anakula kichwa cha samaki au anakiacha."

Alituletea supu, na ndani ya bakuli la Orval kichwa cha samaki kilimkodolea macho. Wapishi wawili walikuwa wamechungulia mlangoni. Dereva wa lori meza ya pili aliacha kutafuna. Orval akakitazama kile kichwa, akamgeukia Rhoda.

"Unaanzia wapi? Jicho au shavu?"

Rhoda akavuta kiti akakaa. Alimfundisha kwa kidole chake mwenyewe: shavu kwanza, halafu ulimi, jicho la mwisho. Orval alifuata, akauliza samaki huyu anavuliwa wapi, wavu wa matundu ya kiasi gani, kwa nini wa mto huu ana mafuta kuliko wa kwao. Nilitamani kuzama chini ya meza.

"Anaongea huyu!" Rhoda akasema tulipokuwa tunalipia mafuta.

"Najua."

"Mama aliuliza hilo nalo. Kama ni mtu wa kuuliza au wa kunyamaza."

"Na kama ni wa kuuliza? Ni vizuri au vibaya?"

"Dada, mimi ni wa supu tu," Rhoda akasema, akarudi jikoni.

Usingizi wa siku ile ulikuwa wa mang'amung'amu. Meno, kichwa cha samaki, maswali. Mtu anayetaka kumfukuza mtu anajali nini meno yake? Lakini pia mtu anayetaka kumpokea mtu angemwuliza mkwewe, si mpishi wa njiani. Mimi sikupigiwa simu hata moja. Hilo ndilo lililoniuma: habari zote zilinipita juu kama bata wanaohama.

Kesho yake upepo wa milimani ulitusukuma pembeni mpaka tukaendesha tumeinama upande mmoja, kisha tukateremka na mto Peel ukaonekana, mpana, rangi ya chai ya maziwa. Kivuko kilikuwa kinakuja. Aliyeshika kamba ni Noel, mdogo wake Wilfred, shemeji yangu, ambaye tangu niolewe hajawahi kuniambia neno bila chumvi ndani yake.

"Shemeji!" akapiga kelele kabla hawajafika. "Umemwokota wapi huyo? Mbona amechakaa?"

"Dukani wazuri walikuwa wamekwisha. Kwani wewe kuna aliyekununua?"

Akacheka, akatupandisha. Orval akashuka kwenye pikipiki, akaenda ukingoni.

"Maji yana kina gani hapa?" akauliza. "Yanapungua mwezi gani? Barafu inashika lini? Mnajuaje kwamba imeshika?"

Noel aliacha kucheka. Akamjibu lile la mwisho polepole, akimwonyesha mahali mkondo unapopita chini ya kingo, pale barafu inapoonekana nzima na si nzima. Niliangalia kwingine. Napajua mahali hapo. Wilfred alivukia hapo na pikipiki yake ya theluji, asubuhi moja, bila kumwuliza mtu.

Tulipokaribia ng'ambo Noel akanisogelea, sauti imeshuka. "Shemeji, nikwambie tu usije ukashtuka. Mama ametoa vikombe vya maua."

"Vya maua?" nikauliza.

Vikombe vile vina sahani zake, na vinakaa ndani ya sanduku, vimefungwa taulo. Vinatoka akija askofu. Vinatoka akija mwalimu mpya au mtu wa serikali. Mgeni anakalishwa kwenye kiti, anapewa chai ndani ya kikombe cha maua, anaulizwa habari za safari kwa sauti laini, na hafanyi kazi wala haambiwi neno baya. Siku ya kwanza mimi kufika kambini, mtoto wa watu na gauni langu jipya, Mama Eunice alinipa kisu na ndoo ya samaki akaanza kunifokea. Alinifokea miaka yote. Sikuwahi kunywea kikombe kile. Nilikuwa nakiosha.

"Labda ni vya Orval," nikasema.

"Labda," Noel akasema, na hakutia utani wowote.

Kambi iko chini kidogo ya barabara, hema la turubai, kibanda cha kukaushia samaki kwa moshi, na vichanja vya kuanikia. Jua lilikuwa juu ingawa watu walishakula cha jioni, maana kiangazi huku jua halizami. Mama Eunice alisimama mlangoni, mfupi, kitambaa kichwani, ameshika fimbo asiyoihitaji.

Alimtazama Orval kuanzia mabuti hadi nywele. Orval akavua helmeti.

"Shikamoo, mama."

"Ndoo zile," Mama Eunice akasema. "Kisima kiko nyuma ya misonobari. Usichote pembeni, pana tope. Unasimama nini?"

"Naenda. Dubu wanapita huko?"

"Wanapita. Piga kelele. Hilo halitakuwa tatizo kwako, nasikia."

Orval akaondoka mbio, ndoo zikigongana. Mama Eunice akanigeukia mimi, na uso wake ukabadilika ukawa wa heshima. Nilitamani angenipiga fimbo.

"Karibu," akasema kwa sauti laini. "Kaa, tafadhali. Habari za safari?"

Kiti kilikuwa tayari. Kikombe kilikuwa tayari, maua ya waridi, kisahani chini yake, mkate wa kukaanga pembeni umekatwa vipande vidogo kama vya askofu. Nilikaa. Yeye alibaki amesimama, mikono mbele, akingoja ninywe.

Mimi si mtu wa kuvumilia. Nilivumilia kiasi cha kumeza mate mara moja.

"Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Chai itapoa."

"Huyu mwanamume nimemjua juzi, umempa ndoo. Mimi unanipa kikombe?"

"Huyo hakuniomba kitu. Amekuja, nimempa kazi."

"Na mimi?"

"Wewe uliomba ruhusa." Sauti laini ilikuwa imeanza kukwama. "Ulinipigia simu, ukasema, naomba ruhusa nije. Kama haitakuwa taabu. Noel anaomba? Wilfred aliwahi kuomba? Mtoto anaingia, anafunua sufuria, anauliza mbona chumvi haitoshi. Nikasema, haya. Mume wake amekufa, yeye amehamia mjini, amepata mtu mwingine. Sasa anaomba ruhusa. Basi ni mgeni. Mgeni mimi najua namna ya kumpokea."

Akageuza uso upande wa mto. Ndipo nilipojua kwamba wakati mimi naogopa kufukuzwa, yeye alikuwa amekaa hapa akidhani nimeshaondoka.

"Nilikuwa naogopa, Mama. Kwa sababu ya Wilfred."

"Wilfred hakuuliza habari za barafu," akasema. "Mimi nilitaka kujua tu kama huyu anauliza. Siwezi kukuzika wewe pia."

Nikainuka. Chai nikaimwaga kwenye majani. Nikaenda mezani, pale samaki wa mchana walipokuwa wamefunikwa, nikachukua kisu nikaanza. Kichwa, tumbo, nyama pande mbili mpaka mkiani, mfupa nje. Halafu mistari ya kukatakata ili moshi uingie, karibu karibu, bila kugusa ngozi. Mikono ilikuwa imesahau. Ilikuwa mikono ya mjini, ya kununua samaki ndani ya nailoni. Kisu kikapita, na mwanga wa jua ukatokeza upande wa pili.

Mama Eunice alikuwa nyuma yangu.

"Umetoboa ngozi!"

"Imeteleza, Mama."

"Imeteleza! Huyu samaki ataning'inia kwa kitu gani, kwa maombi? Nimekufundisha wewe mpaka nimezeeka! Mtazame! Hata mbwa wa Noel angepasua vizuri zaidi! Na umekonda, kule mjini mnakula karatasi? Lete kisu. Hapana, usilete, kata mwingine. Nani amekwambia ushike hivyo? Kiwiko! Kiwiko chini!"

Sauti yake ilivuka mto ikarudi. Nilikata mwingine, machozi yananidondokea mikononi, kamasi nazo, sikuweza kujifuta kwa sababu ya magamba.

Orval akatokea kwenye misonobari, ndoo mbili, suruali imelowa mpaka magotini. Aliniona nalia, akaziweka chini akaja mbio.

"Kuna nini? Verna? Umejikata?"

"Ananifokea," nikamwambia.

"Aa, pole mpenzi, ngoja niongee na..."

"Usinipe pole," nikasema. "Kaa hapo usikilize."