Barakoa ya Mwalimu Koleta

Mwalimu Koleta hakuwa na cha kujivunia ila sauti. Akiwatamkisha darasa la kwanza, pale Malolo, wilayani Ruangwa, "ba, be, bi, bo, bu," wanaopalilia ufuta ng'ambo ya barabara walimsikia. Wala hakuwa anajionyesha. Watoto wengi hufika shuleni na Kimwera chao tu. Kiswahili wanakutana nacho kwa mwalimu. Vitabu ni vya kugombania, kwa hiyo mwalimu mwenyewe ndiye kitabu: anatamka, wanamtazama mdomo, wanaitikia kwa pamoja.

Basi ikaja korona. Shule zilipofunguliwa, mwalimu mkuu, Bakary, akatangaza kwamba mwalimu haingii darasani bila barakoa. Hakuna aliyebisha, watu walikuwa wanaogopa kufa. Koleta akashonewa ya kitenge, tabaka juu ya tabaka, na fundi aliyemhurumia kupita kiasi. Akaivaa, akasema "ba." Watoto wakamkodolea macho. Mdomo hawauoni, na sauti inaishia kwenye kitambaa. Sasa afanyeje? Akapaza. Wakaitikia nusunusu. Akapaza zaidi. Jamani, darasa limejaa mpaka madirishani, na mtu anapiga kelele kutwa ndani ya kitambaa kilicholowa jasho na mate.

Ikifika Ijumaa koo linawaka moto. Atatafuna tangawizi, anywe maji ya ndimu, ajipe moyo kwamba Jumapili atapumzika. Jumapili yenyewe kwaya ya parokia inamsubiri yeye aanzishe nyimbo. Haukupita muda, sauti ikaanza kukwaruza. Akimwita mtoto, inakatikia njiani.

Akaenda Nachingwea kwa daktari. Daktari akammulika kooni.

"Mwalimu, nyuzi zako za sauti zimeota vinundu. Usiseme kabisa, hata kunong'ona."

"Mpaka lini, daktari?"

"Mpaka nikwambie. Ukiendelea hivi, itakwenda isirudi."

Aliporudi akamweleza Bakary. Bakary si mtu mbaya, tusimsingizie. Alimsikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa. "Nimweke nani, dada yangu? Darasa la kwanza tuna wewe tu. Na kusoma hakufundishwi kwa kunyamaza." Asubuhi Koleta akavaa barakoa, akaingia, akapaza.

Alivumilia kwa tumaini moja tu, kwamba barakoa ikivuliwa sauti itarudi. Na siku ikafika kweli, Bakary akasema sasa mnaweza kuvua. Koleta akaitia mkobani, akasimama mbele ya ubao, uso mtupu, watoto wakauona mdomo wake. Akavuta pumzi, akatamka "ba." Ikatoka hewa na mkwaruzo. Akajaribu tena, ikawa vilevile.

Darasa likaitikia. Wote kwa pamoja, macho kwake, kwa mkwaruzo uleule, sauti zimebanwa kooni na kukatika. Akadhani wanamdhihaki. Akatazama nyuso zao. Hakuna aliyekuwa anacheka.

Akamwita Amna, ambaye uwanjani hakuna anayemshinda kwa kelele. "Soma kwa sauti yako, mwanangu."

Amna akamtazama, hakuelewa anatakiwa nini.

"Ya kusomea ndiyo ile, mwalimu," akasema kwa sauti safi kabisa. Kisha akageukia ubao, akajibana koo, akasoma.