Unene wa Iquo

Mdogo wangu Iquo alipoingizwa nkuho, chumba anamonenepeshwa mwari kabla ya kuolewa, mimi nilikuwa mtu wa mwisho kuulizwa neno. Nilitoka chumba kilekile miaka ya nyuma nikiwa mwembamba vilevile nilivyoingia, na mtaa mzima ulinicheka. Shangazi Eme, msimamizi wa mwari, hakunisamehe. Aliona nimemtia aibu makusudi.

Kwa Iquo alipata alichokitaka. Asubuhi uji, mchana viazi vikuu na mchuzi wa mawese, jioni supu ya samaki iliyokolea chumvi, kisha kulala. Msichana akafura. Kila jirani aliyechungulia mlangoni alipiga vigelegele, na mama alikuwa akienda sokoni kifua mbele. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Mimi nilipewa kazi ya kumsuka, kwa hiyo nilimwona asubuhi na jioni. Asubuhi macho yake yalikuwa yamevimba hata hayafunguki vizuri. Jioni uso ulirudi kuwa uso wa Iquo, lakini miguu ilijaa mpaka bangili za shaba zikazama katika nyama. Kesho yake hivyo hivyo. Nikaanza kuogopa, maana unene ninaoujua mimi ukishakaa shavuni umekaa. Haushuki miguuni jioni ukapanda tena usiku.

"Unalala vizuri?" nilimnong'oneza.

"Nikilala chali pumzi inakata, dada. Nalala nimekaa. Usimwambie shangazi, atasema naharibu."

"Na haja ndogo?"

"Kidogo tu. Ina povu kama la sabuni."

Jioni hiyo shangazi alikuja kumchora kwa chokaa nyeupe. Alichora kwa kidole gumba, nukta baada ya nukta, kuanzia gotini kushuka. Alipomaliza nikaona kila nukta imekaa ndani ya shimo lake.

"Shangazi, huu si unene. Ni maji. Tumpeleke hospitali."

"Ehee! Nilikuwa nangoja litakutoka lini," akasema bila kuinua uso. "Wivu huo, Affiong. Wewe ulitoka humu kama ufagio, sasa unataka na mwenzio akonde?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Mwanangu, wakwe wanakuja Jumamosi. Mwari hatoki kabla ya siku yake. Watu tutawaambia nini?"

Nilikasirika hata nikasahau adabu. Nikamshika shangazi mkono, ule mkono mnene anaojivunia, nikaubonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu zangu zote.

"We mtoto una wazimu?"

"Tazama." Nikaondoa kidole. Nyama ikarudi mahali pake papo hapo. "Huo ndio unene, shangazi. Wa kwako ni wa kweli, hakuna anayebisha. Haya, mbonyeze yeye."

Akanisonya. Hata hivyo aliinama, akabonyeza muundi wa Iquo, akaondoa kidole. Shimo likabaki. Akalisugua, labda alidhani ni chokaa, lakini halikuondoka. Akabonyeza juu ya goti, na hapo pia likabaki. Mama alisogea akaangalia, akashika mdomo.

"Iquo," shangazi akasema, sauti imemwishia, "tangu lini?"

Iquo alianza kulia, na hata kulia kulimkata pumzi.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Alimfunika kitenge, akamshika kiuno, akamtoa nje watu wakiwa wamejaa barazani. Majirani, wasiojua kitu, waliuona unene ule wakapiga vigelegele.

"Nyamazeni!" shangazi akawafokea. "Nyamazeni, mtoto anaumwa!"

Hospitalini daktari alisema figo zake zinavujisha protini ya mwili kwenye mkojo, na ile supu ya chumvi ilizidi kuyazuia maji mwilini. Walimpa dawa, wakawa wanampima uzito kila asubuhi, na kila asubuhi ulishuka. Maji yalipotoka tukaona yalichokuwa yakificha: mifupa ya mabega, mbavu, mikono ya mtoto mdogo. Kumbe wakati wote tuliokuwa tukimshangilia, Iquo alikuwa anakonda mle ndani ya maji. Nililia kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani, maana wote walikuwa wangu.

Jumamosi ilipita bila harusi. Wakwe walituma salamu na ndizi, wakasema watasubiri.

Shangazi Eme alikuja hospitali kila siku kabla hata ya wauguzi kubadilishana zamu. Hakuleta chakula, yeye ambaye hajawahi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Alikuwa akifunua shuka, anabonyeza muundi wa Iquo, anangoja. Shimo lilikuwa linabaki, naye anafunika shuka.

Asubuhi moja alibonyeza, akaondoa kidole, na ngozi ikarudi. Alibonyeza tena, asiamini. Kisha akaushika ule mguu mwembamba kwa mikono yake miwili, machozi yakamtiririka.

"Umekonda, mwanangu," akasema. "Umekonda."

Nimemjua shangazi maisha yangu yote, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kumsikia akilisema neno hilo kwa furaha.