Wa Kumsemea Bi Rukaya

Bi Rukaya alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Abdulhamidi, mwenye maduka mawili ya mitumba Dar es Salaam. Pamoja na hayo alikwenda kwa wakili kumwandikisha mke mwenzake awe msemaji wake siku atakayoshindwa kusema. Ndiyo, mke mwenza! Anifa yule yule waliyegombania naye marehemu mume wao, Mselemu, miaka ishirini, mpaka mzee wa watu akawa anakula kwa jirani.

Sababu alikuwa nayo. Mwaka tisini na nne kiharusi kilimwangusha dukani kwake, Singida Mjini. Kwa miezi kadhaa hakutamka neno, lakini masikio yalikuwa mazima na akili pia. Alisikia watu wakimgawana kama mzigo: huyu anataka Dar, yule anataka mganga. Pale stendi ni Anifa peke yake aliyepaza sauti: "Mmemuuliza? Macho anayo, muulizeni!" Nani wa kumsikiliza? Wakampakia kwenye basi. Miezi mitano alikaa chumba cha ghorofani kwa mwanawe, kila asubuhi akinyweshwa uji wa maziwa, naye maziwa yanamtapisha tangu utotoni.

Siku aliyorudi Singida aliapa kwamba hayatamkuta tena.

Abdulhamidi alipopata habari za wakili, alipanda basi usiku huo huo. Aliwakuta mama yake na Anifa ofisini kwa wakili Gasto, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo." Akamgeukia mama yake. "Mama, mke mwenza? Watu watatucheka!"

"Wacheke mpaka mbavu ziwaume."

"Mimi ni mwanao. Nakupenda."

"Ndiyo shida yenyewe. Ukiniona nimelala unalia, na ukilia hufikiri. Anifa hajanionea huruma hata siku moja."

"Hilo ni kweli," alisema Anifa.

Wakili alikohoa. "Karatasi hii haimzibi mtu mdomo, Bi Rukaya. Lakini atakayekupinga itabidi aeleze kwa nini anapuuza kauli uliyoitoa ukiwa na akili timamu, mbele ya mashahidi." Akasoma: "Nikishindwa kusema, Anifa ndiye atakayeamua nitibiwe wapi, nikae wapi, na nani anihudumie. Ila nisitolewe Singida kwa hali yoyote."

"Hapo mwisho futa," alisema Anifa.

"Nini?"

"Ukianguka kesho, dawa hapa hakuna na Dodoma ipo, nikae nakutazama unakufa kwa sababu uliandika? Thubutu! Mimi si mlinzi wa ukaidi wako. Unanipa uamuzi, au hunipi."

Hasira zilimpanda Bi Rukaya. Alikuwa amekuja kuurudisha mdomo wake, na sasa mwanamke huyu anamwambia autoe! Mwanawe akatabasamu kidogo, akidhani mambo yameharibika. Bi Rukaya aliliona lile tabasamu. Alikuwa anaogopa, kweli, na aliona aibu kuogopa mbele ya Anifa.

"Utaniuliza kwanza?" alisema taratibu.

"Nitakuuliza. Kwa macho, kwa kidole, kwa chochote kitakachobaki. Halafu nitaamua."

"Na kama sitaki?"

"Nitajua kwamba hutaki. Lakini nitaamua."

Bi Rukaya akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado haujapata nguvu, akaikata sentensi ile ya mwisho mwenyewe. Mstari ulikwenda upande, lakini ulikata. Akatia saini. Anifa naye akatia yake, kisha mashahidi wawili, makarani wa wakili.

"Ukikosea, Anifa!"

"Nikikosea utanisuta ahera. Meza dawa yako ya presha, saa sita imepita."

"Nitameza nikifika nyumbani."

"Sasa hivi. Wakili, naomba maji."

Abdulhamidi alirudi nyuma hatua moja, akingoja moto uwake. Bi Rukaya alimkazia macho mke mwenzake muda mrefu. Kisha akapokea glasi, akameza.