Wanane kwa Siku

Saa saba na dakika kumi mchana, Jumanne, Devota alimpa Sikuzani pole ya kufiwa na mtoto. Mtoto wa Sikuzani alikuwa hai, anasoma darasa la pili, shule ya Rudewa.

"Mwanangu," Sikuzani alisema, "aliyefiwa ni Mwanasha, yuko nje. Mimi ndiye niliyechomewa nyumba."

Devota, mnasihi pekee wa kituo hicho cha afya wilayani Kilosa, aliitazama rejesta. "Nisamehe, mama."

"Leo mimi ni wa ngapi?"

"Wa kumi na tisa. Nilishaacha kusikia tangu wa tisa."

"Na jioni tunakufuata mpaka nyumbani, unaacha ugali unapoa."

"Nashindwa kuwafukuza."

"Basi ungesema."

Sikuzani alitoka, akazungumza na wanawake waliokuwa kwenye benchi. Walipatana: wanane kwa siku, mwenye hali mbaya zaidi atangulie, na nyumbani kwa Devota asibishe mtu hodi. Devota aliyaandika hayo kwenye karatasi, akaongeza kwamba saa tisa anafunga, akaibandika mlangoni.

Jumatano, baada ya mtu wa nane, mganga mfawidhi Boniface aliikuta karatasi hiyo.

"Nani kakuruhusu?"

"Tumepatana, mimi na wateja."

"Mteja anapatana nini? Lengo ni watu ishirini na tano kwa siku."

"Ishirini na tano watapita humu ndani, mganga. Kusikilizwa, hawatasikilizwa."

"Kusikiliza ni kazi ya kuchosha? Umekaa kwenye kiti!" Aliwageukia waliobaki. "Haya, kina mama, ingieni."

Hakuna aliyesogea.

"Shikamoo, mganga," alisema Mwanasha.

"Marahaba. Ingia."

"Siingii. Zamu yangu kesho. Nikiingia leo atanipa pole ya nyumba ya Sikuzani."

Benchi zima lilicheka. Boniface aliichana karatasi.

Ijumaa saa tatu asubuhi Devota alikabidhiwa barua ya kuhamishiwa dirisha la mapokezi. Chini yake aliandika: "Nimeipokea. Sikubaliani nayo." Akasaini. Alasiri chumba chake kiliwekwa maboksi ya vyandarua na kufuli.

Jumatatu saa mbili asubuhi wanawake wanane wa siku hiyo walifika, Mwanasha na Sikuzani wakiwamo. Boniface aliwaambia mnasihi hayupo, na Devota yuko pale dirisha la mapokezi. Wakakaa.

Saa nane mchana Boniface alitoka na rejesta. Aliwahesabu kwa ncha ya kalamu, wanane, akaandika: wamehudumiwa, ishirini na tano.

Mwanasha alisoma, akanyoosha mkono. "Nipe hiyo kalamu, mganga. Tuko wanane, na hatujahudumiwa."

Hakupewa. Hakuna aliyenyanyuka kwenye benchi.